Kutu ya Upanga Mfupi

Otaru, 9 Februari 1986

Dada Kinu,

Theluji imepanda hadi dirishani, lakini jirani amenichimbia njia mpaka barabarani, kwa hiyo barua hii itafika posta. Figili zako za chumvi zilifika salama. Nazila kidogo kidogo, kwa kuwa huku hakuna anayejua kuzitengeneza hivyo.

Tulikubaliana tusilitaje jina la ndugu yetu Shigeto katika barua zetu. Leo navunja mapatano.

Tangu nistaafu kazi ya maktaba naendelea kwenda kusoma pale, kuna jiko la moto na hakuna anayenisemesha. Juzi nilifungua jarida la wapenda panga za kale. Ukurasa mzima ni picha ya Ryuzo Mitsuhata, mvi zimechanwa vizuri, upanga mrefu umelazwa mapajani. Chini pameandikwa: "Hazina ya ukoo wa mke wangu kwa vizazi tisa." Dada, ni upanga wa baba. Unakumbuka kila kiangazi alivyoutoa kuupunga hewa, sisi tumekaa mbali na mikono magotini? Kwenye makali, ule mstari mweupe wa mawimbi unakatika mahali pamoja, kana kwamba korongo amekanyaga. Upanga mfupi, mwenzake, ambao mama aliuficha kwenye nyasi za paa akampa Shigeto siku ya kuondoka, ninao hapa kabatini. Umekatika vilevile, mahali palepale.

Shigeto aliniambia jambo moja tu kuhusu siku ile. Vita ilikuwa imekwisha na Wamarekani walikuwa wameamuru kila nyumba itoe panga zake, mtaa ukamtuma Mitsuhata azikusanye kwa mkokoteni. "Nilimpa mkononi," alisema. "Akaupokea kwa mikono miwili, akainama. Nikadhani mtu anayeinama hivyo ni mtu mwema." Kisha polisi wakasema upanga haukufika, Mitsuhata akaapa kwamba hakupewa, na baba akaamini kwamba mwanawe ameuza upanga wa nyumba kwa askari wa Kimarekani ili apate sigara. Akafuta jina lake. Mtoto akaja kuchimba makaa ya mawe huku kwenye baridi, mwamba ukamwangukia. Mifupa yake imo hekaluni hapa Otaru mpaka leo, kwa sababu wewe, mwenye ufunguo wa kaburi la ukoo wetu wa Akagi, hutaki iingie.

Sitaki fidia. Nataka mifupa hiyo ifike nyumbani. Na nataka Mitsuhata akiri kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu wale ambao sifa zao ndizo chakula chake. Akinyimwa chakula hicho nitakaa nimtazame akikonda.

Mdogo wako,
Tsuneko

*

Bizen, 21 Februari 1986

Tsuneko,

Umezeeka vibaya. Mtu mwenye akili anasoma gazeti ajue bei ya mchele, wewe unasoma upate wa kumchukia.

Hapa kwetu zimefuliwa panga nyingi kuliko majembe, na mawimbi ya makali yanafanana kama watoto wa jirani. Wewe hukuwepo. Ulikuwa bado Dalian, Uchina, unangoja meli ya kurudi. Mimi ndiye niliyempa yule mtu chai. Alipiga magoti pale mlangoni akamwambia mama, "Kama niliupokea, mikono hii ioze." Mama akamwomba radhi kwa kumuuliza. Mikono haijaoza. Anapita hapa na gari jeusi, ananipungia.

Baba alikufa akiwa ameamua. Siwezi kufungua kaburi lake kwa sababu ya picha.

Lakini nitasema hili, ili usiniite jiwe. Yeye mwenyewe, si wewe, akisema kwamba upanga wake na huo mfupi ni jozi, nitafungua kaburi kwa mikono yangu. Mpaka hapo usiniandikie tena habari hii.

Ile pete ya shaba inayokaza upanga mfupi kwenye ala, bado ina nembo yetu ya majani matatu? Nauliza tu.

Figili nyingine zinakuja. Usile zote na chai, utaumwa tumbo.

Kinu

*

Otaru, 3 Machi 1986

Mheshimiwa Mwalimu Mitsuhata,

Nisamehe mimi mjane nisiyejulikana kwako kukusumbua wakati huu ambapo huko kwenu miti ya plamu imeshachanua. Nimeona picha yako jaridani. Marehemu mume wangu aliacha upanga mfupi. Nasikia ulitoka kwa mchimba makaa mmoja aliyekufa. Umeandikishwa kisheria kwa jina la mume wangu. Mimi sijui chochote kuhusu vitu hivi, na sina mtoto wa kumwachia. Nakutumia picha aliyonipigia jirani, uone kama unafaa kuununua au ni chuma tu.

Naona aibu kwa jambo moja. Ile sehemu inayoingia ndani ya mpini ina kutu nyeusi tupu, hata jina lililochongwa halisomeki vizuri. Kumpelekea mtu kama wewe kitu kichafu si adabu. Jirani anasema majivu na mchanga laini vitaondoa kutu yote, ing'ae kama kijiko. Jua likitoka wiki hii nitakaa kibarazani niisugue.

Tafadhali nijibu kwa barua. Masikio yangu hayasikii simu.

Shiobara, mjane

*

Okayama, 8 Machi 1986

Bibi Shiobara,

Natumaini telegramu yangu ilikufikia kabla ya jua. Nairudia hapa: usiguse kutu. Usisugue, usipanguse, usiweke hata mafuta. Mwambie jirani yako ashughulike na masufuria yake.

Sehemu ile inaitwa msuka, na kutu yake ndiyo umri wake. Imejengeka kwa miaka mia nne, nyeusi kama ganda la biringani, na sisi tunaoelewa tunaisoma kama wewe unavyosoma uso wa mtu. Ukiing'arisha umeua upanga. Hakuna fundi duniani anayeweza kuirudisha. Wala usizungumze ukiwa umeuinamia, pumzi ina maji. Ufunge kwenye hariri, uuweke pakavu, uondoke chumbani.

Picha uliyotuma ni mbovu lakini inatosha. Sikufichi, sikulala. Upanga wangu mrefu ni mpweke, na nimemtafuta mwenzake tangu ningali na nywele nyeusi. Huenda ni huo wako. Usihofu kuwa utaangukia mikono isiyojua. Huu mrefu nimeutunza mwenyewe tangu majira ya baridi ya 1946. Haujalala nje ya nyumba yangu hata siku moja. Naupangusa kwa karatasi laini, kisha mafuta ya karafuu, tone moja, basi. Mke wangu husema ningemtunza yeye hivyo angekuwa bado msichana.

Barabara zikifunguka Aprili nitakuja nao, niwaweke pamoja. Bei tutaafikiana, sitakupunja.

Ryuzo Mitsuhata

*

Otaru, 20 Aprili 1986

Dada Kinu,

Ulisema nisikuandikie mpaka aseme mwenyewe. Amesema.

Alikuja Jumanne, na mfuko wa hariri kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Hakunitambua, angenitambuaje kwa jina la Shiobara? Alipoingia akauliza, "Hujasugua?" hata kabla ya salamu. Nikamwambia, "Nilikuwa nimeshapepeta majivu, Mwalimu." Akakaa chini kwanza ndipo akavua viatu.

Alitandika kitambaa cheupe juu ya meza yangu ya kulia. Akanifundisha kushika, makali juu, mdomo umefungwa. Akanisahihisha kiwiko. Dada, alinifundisha kuushika upanga wa baba yangu, nami nikashukuru. Kisha akagonga kijiti cha mwanzi kinachofunga mpini, akatoa mpini wa huu, akatoa wa ule, akailaza misuka miwili ubavu kwa ubavu. Kutu moja, patasi moja, mkono mmoja uliochonga jina. Akalia. Machozi yalipoanza kushuka aligeuza uso pembeni yasidondokee chuma.

"Mume na mke," akasema. "Na walitenganishwa."

"Na nani, Mwalimu?"

"Vita, bibi. Vita ilitenganisha wengi."

Nikammiminia chai. Nikamwambia majirani wataniona mjinga niliyetapeliwa, je, hawezi kuandika neno juu ya ala ya mbao nyeupe, kama nilivyoona jaridani wataalamu wanavyoandika? Unajua sifa yake iko hapo. Mkoa mzima watu humpelekea ala zao aandike upanga ni wa nani na wa lini, na akishagonga muhuri wake hakuna anayebisha. Alikunja mikono ya kimono, akasaga wino wangu, akaulaumu kwamba ni wa wanafunzi, akaandika. Nanukuu neno kwa neno: "Huu mfupi na ule mrefu ulio mikononi mwangu ni jozi moja: chuma kimoja, mfuaji mmoja, nyumba moja." Jina, tarehe, muhuri mwekundu.

Nyumba moja, Dada. Na katika barua yake ya Machi kaandika kwamba ule mrefu uko kwake tangu majira ya baridi ya 1946. Jarida lenyewe linasema alioa mwaka 1951. Hazina ya ukoo wa mke ilimtangulia mke miaka mitano.

Mwishoni aliigusa ile pete ya shaba yenye majani matatu. Aligusa haraka, kama mtu anayegusa chungu cha moto. "Hii imechakaa," akasema. "Nitakutengenezea ya dhahabu, kama niliyouwekea mrefu. Hii itupe." Nikasema nitaitupa. Imo kwenye kopo langu la vifungo.

Tsuneko

*

Bizen, 2 Mei 1986

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, wali ukaungua. Sikuweza kuupakua wala kuumwaga. Nikakaa nao.

Nilimpa chai mara mbili siku ile. Ya pili nilitia majani mapya. Nakumbuka nilifikiri, maskini, mtu wa watu anaaibishwa na sisi kwa sababu ya ndugu yangu mwizi.

Jana alipita tena na gari akanipungia mkono. Nami nikampungia. Usinikasirikie, ni mazoea ya mkono. Lakini nilipoingia ndani niliosha ule mkono kwa sabuni ya nguo.

Nitumie ile pete. Na uniambie lini na wapi, nitakuja. Sina maneno ya kisomo kama yako, ila sauti ninayo. Mtu yeyote aliyewahi kunidhulumu sokoni anaijua.

Jambo moja nakuomba uniandikie, maana mimi nimelifuta kwa makusudi na sasa nalitafuta silipati. Shigeto alikuwa anapenda kula nini?

Kinu

*

Okayama, 11 Septemba 1986

Bibi Shiobara,

Mkutano wa vuli wa chama chetu cha wapenda panga utakuwa tarehe 19 Oktoba. Kama ulivyoomba, utaukabidhi upanga siku hiyo mbele ya wanachama, na malipo utayapata hapohapo. Ni wazo zuri, ingawa nadhani ulitaka tu kuona Okayama. Zabibu zitakuwa zimeiva.

Utaratibu ni huu. Panga zote mbili zitalazwa juu ya kitambaa cheupe, misuka wazi. Nitazungumza kidogo. Kisha, kama ilivyo desturi yangu, nitaandika juu ya ala ya ule mrefu mbele ya wageni habari kamili ya jozi hii na nyumba iliyoitunza. Wengine wanatoka Kyoto kuja kuona nikiandika. Wewe utakaa nyuma na wake za wanachama. Vaa kitu cha heshima. Ukiulizwa swali, cheka tu.

Ile pete ya zamani usijisumbue kuileta.

Mitsuhata

*

Okayama, 27 Oktoba 1986

Tsuneko Akagi,

Sijui nikuite nani. Bibi Shiobara nilimheshimu. Nilimsahihisha kiwiko.

Nilijua kuna jambo ulipokuja kukaa mstari wa mbele na lile sanduku lililofungwa kitambaa cheupe magotini. Nikadhani ni zawadi ya mwenyekiti. Nikakutabasamia. Sikujua natabasamia mifupa ya Shigeto.

Ungeweza kuniandikia. Ningeurudisha kimyakimya. Badala yake ukamwachia dada yako, anayeuza figili, aje na viatu vyake mpaka ukingoni mwa kitambaa cheupe, aweke ile pete ya shaba kati ya panga mbili, aseme kwa sauti ya mnadani, "Babu, nisomee nembo hii. Wewe si unasoma kila kitu? Iko kwenye kaburi letu, unaipita kila wiki na gari." Watu wakacheka, wakidhani ni kichaa. Kisha wewe ukasimama ukasoma barua yangu, ile ya mafuta ya karafuu, kwa sauti ya maktaba, bila kuinua macho. Wakaacha kucheka.

Nikasema niliununua. Ukaniuliza, kwa nani, na kwa nini basi vizazi tisa? Ukawaambia wanachama, "Mtu anayeandika uongo kuhusu upanga mmoja, ala zake nyingine nani atazisoma?" Nikaona nyuso zao. Kila mmoja alikuwa anafikiria ala zilizo kabatini kwake zenye muhuri wangu. Na mwenyekiti, ambaye nilimfundisha mimi kushika upanga, akanisogezea kijiwe cha wino akasema taratibu, "Mwalimu, wino unakauka."

Basi nikaandika. "Upanga huu ni wa nyumba ya Akagi. Shigeto Akagi, kijana mkweli, alinikabidhi niupeleke polisi. Niliuficha, nikaapa uongo." Mwandiko ulitoka mzuri kuliko wowote niliowahi kuandika. Hilo nimelishangaa.

Wote waliupiga picha. Ule mfupi uliondoka nao, na mrefu sasa uko hapa chumbani. Mke wangu hupita bila kutazama upande huo. Nimekaa na kisu nikitaka kuyakwangua maneno yale, nimeshindwa, ni mwandiko wangu. Nikiuvika ala nyingine wataniuliza ya kwanza iko wapi.

Nakuomba uuchukue. Nitaupeleka Bizen kwa miguu yangu, niulaze mlangoni kwa dada yako pale nilipopiga magoti. Nilikuwa kijana mwenye njaa, bibi, na upanga ule ulikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika. Zile zote za mkokoteni zilimwagiwa petroli zikachomwa. Kama ningeufikisha, leo usingekuwepo. Fikiria hilo. Na fikiria jozi: zimetengana miaka arobaini, zimelala pamoja alasiri mbili tu. Chuma hakina kosa. Zirudishe zikae pamoja, hata kama sitaziona tena.

Ryuzo Mitsuhata

*

Bizen, 3 Novemba 1986

Mdogo wangu,

Baada ya wewe kupanda treni nilirudi kaburini peke yangu. Jiwe tulilofungua nililiona halijakaa sawa, nikalisukuma mpaka likakaa. Nimempelekea Shigeto maandazi ya viazi vitamu, kama ulivyoniambia. Nimekaa nikamwomba radhi kwa sauti, kunguru wakaruka. Sasa yuko kati ya mama na baba, na baba hana pa kwenda, itabidi wazungumze.

Yule mtu ameniletea salamu kupitia kwa kasisi wa hekalu, anataka kuurudisha upanga. Mimi ningeupokea. Ni wa baba, na ukutani pale alama yake bado ipo. Lakini wewe ndiye uliyekaa na Shigeto, ukamfumba macho, ukamlinda miaka yote hii wakati mimi nampungia mwizi. Amua wewe. Sitakuuliza sababu.

Umeondoka na kikohozi. Kunywa tangawizi.

Kinu

*

Otaru, 16 Novemba 1986

Mzee Mitsuhata,

Usiupeleke Bizen. Dada yangu hataupokea, ameniachia neno hilo. Polisi hatutakwenda, wala mahakamani. Upanga utakaa kwako.

Uweke palepale ulipo, ndani ya ala ile. Wageni wakija watataka kuuona, wewe ni mtu wa panga na una upanga mmoja unaosemwa mkoa mzima. Utawaletea kwa mikono miwili, utainama, na kabla hawajautoa watasoma. Utangoja wamalize kusoma. Ukifa, mrithi wako atasoma, na atakayeununua kwake, na mwanawe. Uliniambia hapa mezani kwangu kwamba ala nzuri huishi miaka mia mbili ikitunzwa. Itunze.

Umeniomba nifikirie kwamba uliuokoa na moto. Nimefikiria. Nimesoma vitabu maisha yangu yote na najua jambo laweza kuwa kweli na lisisaidie kitu. Ungeuokoa ukarudi usiku huohuo kwa mama, ukamnong'oneza, tungekuita mtu wa nyumbani, na kila kiangazi ungekaa nasi ukiutazama. Uliuokoa upanga ukamchoma Shigeto.

Unasema chuma hakina kosa, jozi zikae pamoja. Shigeto naye hakuwa na kosa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, alipenda maandazi ya viazi vitamu, na alikaa mbali na watu wake mpaka akawa mifupa.

Jana jua lilitoka, la mwisho nadhani kabla ya theluji. Nilikaa kibarazani. Nilipepeta majivu vizuri, nikachukua mchanga laini wa ufukweni, nikagonga kijiti cha mwanzi kama ulivyonifundisha. Mara mbili niliacha. Ni upanga wa baba yangu, na mama alilala ukiwa umefichwa juu ya kichwa chake majira yote ya baridi. Kisha nikaendelea. Ilichukua asubuhi yote, na leo vidole haviwezi kukunjika, ndiyo maana mwandiko ni mbaya. Jina la mfuaji limefutika kwa sehemu kubwa. Msuka unang'aa kama kijiko.

Wa kwako hauna mwenzake tena. Hakuna fundi duniani anayeweza kumrudisha, ulinieleza wewe mwenyewe.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kitambaa nilichosugulia. Kutu yote ya miaka mia nne imo humo. Wewe unajua kuisoma.

Tsuneko Akagi,
dada yake Shigeto